Viti 560 kwa Watu Milioni Mia: Nani Ataitwa Mshabiki Mwaminifu wa Leopards?

Tarehe 31 mwezi wa tatu, mjini Guadalajara huko Meksiko, Leopards watacheza mechi moja inayoweza kuwarudisha kwenye Kombe la Dunia baada ya miaka 52. Mpinzani wao atakuwa Jamaika au Kaledonia Mpya. Mara ya mwisho ilikuwa 1974, Ujerumani Magharibi, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire. Vijana wengi wanaojaa leo katika vyumba vya video vya Bunia hawakuwa wamezaliwa, na wengine hata wazazi wao walikuwa bado. Njia ya kufika hapa tunaikumbuka sote: tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 2025, mjini Rabat, Kamerun ilianguka kwa bao la Chancel Mbemba, siku tatu baadaye Nijeria ikaanguka kwa penalti. Wakishinda Guadalajara, wataingia kundi moja na Ureno, Kolombia na Uzbekistani. Watacheza Houston tarehe 17 mwezi wa sita, Guadalajara tena tarehe 23, na Atlanta tarehe 27.

Habari za kikosi zinazungumzwa kila mahali, sokoni na hata nje ya kanisa baada ya ibada, na hatuna la kuongeza. Tunataka kutazama upande wa pili wa uwanja, yaani jukwaani. Viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Safari hii FIFA imeweka mikononi mwa kila shirikisho la taifa kazi ambayo ni ngumu kuliko inavyoonekana: kusema ni nani mshabiki mwaminifu na ni nani asiyekuwa.

Tueleze kwanza jinsi jambo lilivyofika hapo. Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, bei za tiketi zilizotengwa kwa mashabiki wa timu zenyewe zilipojulikana, vyama vya mashabiki wa Ulaya vilipaza sauti. Katika fungu lao, tiketi ya chini kabisa ya fainali ilianzia dola 4,185. Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 16 ya mwezi ule ule FIFA ikatangaza daraja jipya: tiketi za dola 60 kwa kila mechi, fainali ikiwemo. Kila shirikisho lililofuzu hupata takriban asilimia 8 ya tiketi za mechi zake, na sehemu ya kumi ya fungu hilo ndiyo itauzwa kwa dola 60. FIFA haitachagua watakaozinunua. Imeyaomba mashirikisho yahakikishe zinawafikia mashabiki waaminifu walio karibu na timu yao ya taifa, na namna ya kuwachagua imeachiwa kila nchi.

Sasa tupige hesabu. Chukua uwanja wa watu 70,000. Asilimia 8 ni viti 5,600, na sehemu ya kumi ya hivyo ni viti 560. Kongo ina watu zaidi ya milioni 100. Tukigawa viti 560 sawasawa kwa majimbo 26, kila jimbo lingepata viti 21, na 14 vingebaki mezani. (Hivyo 14 tunaweza kukisia vingeenda wapi.) Ituri nzima, Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa pamoja na mji wa Bunia, ingepata viti 21. Basi dogo moja lingewabeba wote.

Mtu anaweza kusema: kuna haja gani ya kubishana juu ya viti 21 mbele ya shida zote tulizo nazo? Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021, watu wako makambini, mashamba hayafikiki. Ni kweli. Lakini sisi wa Ituri tunajua kuliko wengi kwamba ugomvi wa kitu kidogo mara nyingi si ugomvi wa kitu chenyewe. Mtu akikosa jetoni siku ya mgawo wa chakula, njaa ni shida ya kwanza. Inayofuata hukaa muda mrefu zaidi, nayo ni swali: kwa nini jirani yangu ameandikwa na mimi sikuandikwa? Nani aliyeandika? Ni wa kabila gani? Orodha ya majina isiyoelezwa inaweza kufanya kazi mbaya kwa muda mrefu baada ya chakula chenyewe kwisha. Mpira ni mojawapo ya mambo machache ambapo kijana Mhema, kijana Mlendu, Mualuri, Mbira na Mnande hushangilia jina moja kwa sauti moja. Hatungependa kuona hata hapo orodha ikiingia kati yao.

Basi uaminifu wa mshabiki unapimwa kwa nini?

Jibu linalokuja haraka ni kuhudhuria. Aliyekuwepo mara nyingi atangulie. Uingereza wana chama cha mashabiki wanaosafiri na timu ya taifa, ambamo kila mechi uliyohudhuria huongeza hesabu yako, na mwenye hesabu kubwa hupewa nafasi kwanza. Kanuni hiyo ina uzuri wake. Iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma mapema, na mkubwa hawezi kumwingiza shemeji yake ambaye hajawahi kukanyaga uwanja. Ukilinganisha na orodha inayoandikwa usiku katika ofisi, tungeichagua hiyo mara moja.

Lakini ipeleke kanuni hiyo Bunia uone inavyogeuka. Leopards wanapocheza nyumbani, nyumbani ni Kinshasa, kwenye uwanja wa Martyrs. Kutoka hapa hakuna barabara ya kumfikisha mtu wa kawaida Kinshasa kwa wakati. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu vita vya mwezi wa kwanza 2025. Inabaki ndege kutoka Bunia, na nauli yake ni mali kwa mwalimu au muuza mihogo. Kwa hiyo tukihesabu mahudhurio, tunahesabu kwanza mahali mtu anapoishi, kisha mfuko wake, na mwishoni kabisa, kama nafasi imebaki, upendo wake kwa timu. Mtu wa Kinshasa anayepanda basi kwenda uwanjani ataonekana mwaminifu mara ishirini. Mtu wa Komanda aliyesikiliza mechi hizo zote ishirini kwa redio ndogo, betri ikichemshwa juani ili imalizie dakika za mwisho, ataonekana hajafanya kitu.

Tuseme wazi kwamba hatuwadharau waliohudhuria. Dunia nzima ilimwona Michel Kuka Mboladinga kwenye Kombe la Afrika huko Moroko, akisimama mkono juu kama sanamu ya Lumumba, hatikisiki mechi nzima, mpaka usiku ule wa tarehe 6 mwezi wa kwanza Aljeria walipotutoa katika dakika za nyongeza. Akipewa kiti Houston, sisi hatutauliza kwa nini. Tunachouliza ni habari ya kiti kinachofuata. Uaminifu wake ulionekana kwa sababu alikuwa mahali pa kuonekana. Wako wengine waliosimama vile vile mbele ya televisheni ya jirani, na hakuna kamera iliyowapiga.

Msomaji wa Biblia atakumbuka kijito cha Besori. Daudi alitoka na watu 600 kuwafuata Waamaleki. Mia mbili walichoka wakabaki kijitoni pamoja na vyombo, mia nne wakaendelea. Waliporudi na mateka, baadhi ya wale mia nne walisema waliobaki wasipewe kitu zaidi ya wake na watoto wao. Daudi alikataa, akaweka amri kwamba aliyekwenda vitani na aliyekaa na vyombo watagawana sawa (1 Samweli 30). Hatusemi kwamba Daudi alikuwa akifikiria tiketi za mpira. Lakini tazama hoja iliyokataliwa: sisi tulikuwepo, ninyi hamkuwepo. Daudi hakuuliza tu nani alifika. Alijua pia kwa nini wengine hawakufika, na sababu ilikuwa uchovu, haikuwa usaliti.

Kipimo cha pili ni pesa. Wako wanaokitetea kwa moyo safi, na tuwasikilize. Wanasema hivi: kitu kikiwa kichache, anayekitaka zaidi atalipa zaidi, uza kwa bei ya juu, kisha tumia mapato kujenga viwanja vya watoto. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama watu wote wangekuwa na mfuko mmoja. Dola 60 kwa mchuuzi wa soko kuu la Bunia na dola 600 kwa mfanyabiashara wa dhahabu, ni nani aliyetoa zaidi? Yesu alikwisha kukaa mbele ya sanduku la sadaka akajibu swali la namna hiyo. Na mapato hayaendi kwenye viwanja vya watoto kwa kudondoka yenyewe. Katika soko la FIFA la kuuziana tiketi upya, FIFA huchukua asilimia 15 kwa anayeuza na asilimia 15 nyingine kwa anayenunua. Tiketi moja ikibadilisha mikono mara tatu, shirikisho la dunia limekula mara sita.

Kipimo cha tatu hakiandikwi popote, ila tunakijua: kujulikana. Nani anamjua nani. Hapa hatuna haja ya kusema mengi, kila msomaji ana mfano wake.

Labda mashine itatuokoa? Mwezi wa nane 2025 tuliona jaribio lake karibu na kwetu, wakati Kenya, Tanzania na Uganda zilipopokea CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Kongo ilicheza mechi yake ya kwanza Nairobi, uwanja wa Kasarani, tarehe 3, ikafungwa na Kenya 1-0. Katika mechi za Kenya watu wasio na tiketi walivunja vizuizi wakaingia. CAF iliitoza Kenya faini, na kabla ya mechi ya tarehe 17 dhidi ya Zambia ikapunguza watu wa kuingia hadi 27,000, katika uwanja wa viti kiasi cha 48,000, na kuamuru tiketi za simu peke yake, karatasi zikaachwa.

Ukitazama kwa upande wa usalama, CAF walikuwa na haki. Tiketi ya simu ni ngumu kughushi, na mlinzi wa mlango hawezi kuipitisha kwa urafiki. Lakini adhabu ilimwangukia nani? Viti 21,000 vilivyofungwa havikuwa vya wale waliovunja geti. Mtu mwenye simu ya vibonye, aliyezoea kupanga mstari na pesa mkononi tangu asubuhi, alijikuta hana tena mstari wa kupanga. Kwetu, ambako umeme na mtandao huja na kuondoka wenyewe, mlango wa simu peke yake ungekuwa kipimo kingine cha utajiri kilichovaa nguo ya usawa. Sisi tungesema: simu iwe mlango mmoja, na pawepo mlango wa pili. Sehemu ndogo ya tiketi iandikishwe kwa kitambulisho au kadi ya uchaguzi mbele ya watu, na jina libaki lile lile mpaka getini.

Kuna waliofikiri kwamba njia rahisi kuliko zote ni kutochagua kabisa: fungua milango, atakayewahi aingie. Njia hiyo tumeizika mara nyingi mno. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2022, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya mechi ya Kamerun na Komoro, watu 8 walikufa wakisukumana mlangoni. Na tusidhani ni ugonjwa wa watu wa mpira peke yao. Tarehe 27 mwezi wa saba 2024, uwanja wa Martyrs, Kinshasa, watu walikuja kumwimbia Mungu pamoja na mwimbaji Mike Kalambay. Kwa hesabu ya serikali, 9 hawakurudi nyumbani. Umati usiojua kama una nafasi au hauna hutumia mabega, na wenye mabega madogo, wanawake na watoto, ndio hulala chini.

Inabaki kura. Wengine husikia neno hilo wakafikiria kamari, na makanisa yetu yana sababu nzuri za kuiogopa kamari, hasa sasa ambapo vijana wa Bunia wanapoteza mishahara katika nyumba za kubashiri mechi. Lakini kura ya kugawa ni kitu kingine. Nchi ya ahadi iligawanywa kwa kura (Hesabu 26). Mathiya alipatikana kwa kura baada ya mitume kuwaweka wawili wote waliostahili (Matendo 1). Mithali 18 inasema kura hutenganisha wenye nguvu wanaoshindana. Tazama mpangilio wa mitume: kwanza waliweka wazi masharti, kwamba awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, kisha wakatafuta waliotimiza masharti, kisha, walipoona kwamba hawana sababu ya haki ya kumpendelea mmoja, wakaacha kujifanya wanayo. Hapo ndipo uzuri wa kura ulipo. Anayepoteza kwa kura hajatukanwa. Hakuna aliyemwambia kwamba upendo wake ni mdogo kuliko wa mwenzake.

FIFA wenyewe wanatumia kura kwa tiketi za watu wote. Katika awamu iliyofungwa tarehe 13 mwezi wa kwanza mwaka huu, walisema walipokea maombi zaidi ya milioni 500, wakati tiketi za mashindano yote hazizidi milioni 7 hivi. Kura ya namna hiyo ni ya haki kati ya wale waliofika kwenye kapu. Lakini mwenye kadi ya benki na mtandao wa haraka anaweza kuomba mechi nyingi kwa pamoja, na asiye na kadi hana jina kapuni hata moja. Kabla ya kusifu kura, uliza nani aliandika karatasi zilizoingia ndani.

Tuseme basi kwamba FECOFA inatenga sehemu ya tiketi kwa wanaojulikana kuhudhuria, sehemu nyingine kwa kura ya majimbo, na kanuni inatangazwa kabla ya majina. Bado liko jambo ambalo lingekuwa udanganyifu kulificha. Tiketi ya dola 60 haimfikishi mtu Houston. Kuna pasipoti, viza, ndege na malazi, na jumla yake ni maelfu ya dola. Viza nayo si ya uhakika: Senegali na Kodivaa zimefuzu, na mwezi wa kumi na mbili raia wao waliwekewa vizuizi vya kuingia Marekani. Ukimpa mkulima wa Mahagi tiketi bila safari, umempa karatasi ya kumuuzia mwenye uwezo. Atakuwa mlanguzi bila kupenda.

Kwa hiyo ni nani hasa wa Ituri atakayeweza kukaa katika kiti hicho? Jibu liko ng'ambo, na tunalijua kwa majina ya ndugu zetu. Kwa miaka mingi Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao watu wa mashariki waliopitia makambi ya Uganda, Burundi na Tanzania. Leo Houston na miji mingine wako waumini wanaoimba kwa Kiswahili kila Jumapili. Hao wako karibu na uwanja, na hawahitaji viza ya kufika.

Hapo neno "mwaminifu" linapata uzito wake. Mtu alikimbia Djugu usiku, akavuka ziwa, akakaa Kyangwali miaka, akapelekwa Marekani. Pasipoti ya Kongo hana. Kadi ya uchaguzi iliungua na nyumba. Uwanja wa Martyrs hajawahi kuuona. Katika kila kipimo tulichotaja, mahudhurio, pesa, kujulikana, huyu ni sifuri. Lakini Leopards wanapocheza anavaa jezi anaenda nayo kazini. Kama shirikisho litadai pasipoti ya Kongo ili kuthibitisha uaminifu, litakuwa limewafungia nje wale ambao nchi iliwapoteza na wao hawakuipoteza. Sisi tunaona jumuiya za Wakongo za ng'ambo, pamoja na makanisa yao, zipewe sehemu ya kura kwa uwazi, na mtu athibitishwe na watu wanaoishi naye.

Hili linatuletea kazi sisi wenyewe. Katika jimbo letu watu wanapotafuta anayeaminika kuthibitisha jina, mara nyingi huja kwa mchungaji. Barua za ushuhuda zitaombwa, kama si za Houston basi za mashindano mengine. Ushauri wetu kwa wachungaji na viongozi wa vijana ni mfupi: msikubali kuchagua. Kubalini kushuhudia. Mchungaji anayesimama mbele ya watu, kapu likiwa wazi na mtoto akivuta karatasi, analinda jina la kanisa. Mchungaji anayepeleka majina kumi katika bahasha, hata kama ni majina ya watu wema kabisa, amejitwika lawama ya miaka. Na jina lake mwenyewe lisiwe kapuni.

Hata tusiposafiri, viti vitagawanywa hapa hapa. Mji ukiweka skrini kubwa kwa ajili ya mechi, tunajua viti vya plastiki vya mbele huwa vya nani. Yakobo, sura ya pili, alikwisha kuona jambo hilo katika kusanyiko la waumini, si uwanjani: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule au aketi chini.

Huenda Leopards wasifuzu. Mpira ni mpira. Hata hivyo swali litaturudia mapema, na mara hii litakuja karibu sana. Kombe la Afrika la 2027 litachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Uganda imejenga uwanja mpya Hoima, ng'ambo ya Ziwa Albert, kwa ajili ya mashindano hayo. Una viti 20,000. Kongo ikifuzu na ikapangiwa huko, mtu wa Bunia hatahitaji ndege: ni Kasenyi au Tchomia, mashua, kisha gari. Bei ya safari inayotulinda leo dhidi ya ugomvi wa tiketi haitakuwepo. Maelfu watataka kwenda kwa siku moja.

Na watakaokuwa karibu na geti kuliko sisi sote ni wakimbizi wa Kyangwali, zaidi ya watu 100,000, wengi wao Wakongo. Wengi walitua Sebagoro mwaka 2018 wakitoka pwani yetu hii hii na mizigo kichwani. Kutoka kambini kwenda Hoima ni safari ya gari ya asubuhi. Tiketi zikiuzwa kwa simu yenye namba ya Uganda, au kwa pasipoti ya Kongo, wao watakuwa kati ya milango miwili bila ufunguo hata mmoja. CAF, shirikisho la Uganda na FECOFA wana zaidi ya mwaka wa kuliweka sawa. Makanisa ya pande mbili za ziwa, ambayo yana washiriki wale wale, yanaweza kuanza kuuliza sasa, wakati karatasi ya majina bado ni nyeupe.